Jina la Mama Lisifutwe

Maneno ya katekista mbele ya wakristu na wageni, siku ya mafundisho ya Yubile





Siku ya yubile watu hupenda kuhesabu: wangapi wamebatizwa, ndoa ngapi zimefungwa, matofali mangapi yamechomwa kwa kujenga kanisa. Kazi hiyo ni njema, na wenzetu wameifanya vizuri. Lakini Maandiko Matakatifu, katika kitabu cha Walawi, sura ya 25, yanatufundisha kwamba mwaka wa yubile, ndio mwaka wa 50, ulikuwa hasa mwaka wa kurudi. Mtu aliyepoteza shamba la baba zake alilirudia. Mtu aliyetengwa na ukoo wake alirudi kwa watu wake. Basi sisi makatekista tulijiuliza: katika nyakati zetu, ni nani aliyetengwa na ukoo wake, tena asiye na njia ya kuurudia? Jibu moja ni hili: ni mtoto aliyetolewa mikononi mwa mama yake, akapewa jina jingine, akafichwa ukweli wa asili yake.

Kwa hiyo twataka kusimulia historia mbili. Ya kwanza ni ya mbali, katika inchi ya Irlandi. Ya pili ni ya hapa karibu, Kasai na Rwanda. Kisha tutasema juu ya wajibu wetu sisi wenyewe. Hatufanyi hivyo kwa kulichafua Kanisa, mama yetu, siku ya sikukuu yake. Mtoto mwema akiona kidonda cha mama yake hakifuniki kwa nguo nzuri, hukiosha.

I. Kulea mtoto wa mwingine ni jambo jema

Tuanze kwa kusema wazi: kumtwaa mtoto wa mwingine na kumfanya kuwa wako, jambo ambalo watu wa sheria huliita adopsyo, si ubaya hata kidogo. Wazee wetu walisema: mkono mmoja haulei mwana. Ni wangapi kati yetu waliolelewa na nyanya, na shangazi, na mjomba? Ni jamaa ngapi za parokia hii ambazo wakati wa vita zilifungua mlango kwa mtoto asiye na mtu, zikampa ugali na kitanda bila kuuliza kabila lake? Mtakatifu Yozefu mwenyewe alimlea Mwana asiyemzaa, akampa jina, akamfundisha kazi ya mikono.

Tuangalie vilevile habari ya Musa. Binti ya Farao alimtwaa mtoto mtoni, akamfanya kuwa wake. Lakini dada ya mtoto alikuwa amesimama karibu, akiangalia. Na mama mzazi ndiye aliyeitwa kumnyonyesha. Musa alikua katika nyumba ya mfalme, na hata hivi alijua ndugu zake ni nani. Siku Mungu alipomtuma kuwaokoa watu wake, alijua watu wake ni wapi.

Kumbe kuna ginsi mbili za kumtwaa mtoto. Kuna kumwongezea mtoto jamaa, na kuna kumkata mtoto na jamaa yake. Ya kwanza ni upendo. Ya pili, hata ikifanywa na watu wanaosali, huacha jeraha lisilopona upesi.

II. Nyumba za mama na mtoto katika Irlandi

Irlandi ni inchi ya Ulaya ambayo kwa miaka mingi ilituma mapadri na watawa wamisionari sehemu nyingi za dunia, hata Afrika. Wengi wa watu wake ni wakatolika. Ilipopata kujitawala mwaka 1922, ilikuwa inchi maskini, na watu wake waliogopa aibu kuliko njaa. Msichana aliyepata mimba bila ndoa alikuwa haya kwa jamaa nzima. Mara nyingi wazazi wake walimfukuza, au walimpeleka usiku katika nyumba iliyoitwa nyumba ya mama na mtoto. Nyingi za nyumba hizo ziliongozwa na masista. Nyingine zilikuwa za Waprotestanti. Nyingine za Leta. Kwa nyumba nyingi, Leta ndiyo iliyolipa feza za matunzo.

Msichana aliingia humo, akazaa humo, akafanya kazi za kufua, kusafisha na kulima bila mshahara. Katika nyumba nyingine walimpa jina la kupanga, kusudi wenzake wasimtambue. Wengi walikaa miezi mingi, hata miaka. Kisha mtoto alichukuliwa, na mama alitoka peke yake.

Tuwe wakweli kwa pande zote. Wengi wa wasichana hao hawakuwa na pahali pengine pa kulala, na ndani ya nyumba hizo kulikuwa masista waliofanya kazi usiku na mchana kwa moyo. Lakini moyo mwema wa mtu mmoja mmoja hauondoi ubaya wa njia yenyewe.

Mwaka 2015 Leta ya Irlandi iliweka baraza la uchunguzi, likiongozwa na hakimu Yvonne Murphy. Baraza hilo lilichunguza nyumba 18, tangu mwaka 1922 mpaka 1998, na taarifa yake ilitangazwa tarehe 12 Januari 2021. Tusikie hesabu zake. Katika nyumba hizo walipita wamama karibu 56,000, na watoto karibu 57,000. Kati ya watoto hao, karibu 9,000 walikufa. Maana yake, katika watoto 100, 15 hawakuishi. Katika nyumba ya Bessborough, karibu na mji wa Cork, mwaka 1943 walikufa watoto watatu kwa kila wanne waliozaliwa au kupokelewa humo mwaka ule. Wenye kufa katika nyumba hiyo kwa miaka yote walizidi 900, na makaburi yanayojulikana ni ya watoto 64 tu.

Katika mji wa Tuam kulikuwa nyumba nyingine, toka mwaka 1925 mpaka 1961. Mama mmoja wa hapo, Catherine Corless, mpenda historia ya mji wake, alitafuta kwa uvumilivu vyeti vya vifo. Alipata majina ya watoto 796. Kisha akauliza neno moja tu: wamezikwa wapi? Hakuna aliyeweza kumjibu. Habari zake zilijulikana duniani pote mwaka 2014. Mwezi wa Machi 2017 baraza la uchunguzi lilitangaza kwamba mifupa ya watoto wachanga imeonekana chini ya ardhi, katika vyumba vilivyojengwa, inaonekana, kwa ajili ya maji machafu. Mwezi wa Julai 2025 mafundi walianza kuchimba pahali pale, kusudi watoto hao watambuliwe, ikiwezekana, na kuzikwa kwa heshima.

Wapendwa, sisi hapa tunajua maana ya kuzika mtoto bila kaburi, vita vilitufundisha. Lakini pale Tuam hapakuwa vita. Palikuwa aibu tu.

III. Mama na mwana waliotafutana

Watoto waliobaki hai walikwenda wapi? Mpaka mwaka 1952 Irlandi haikuwa na sheria ya adopsyo. Hata hivi, watoto zaidi ya 1,600 wa nyumba hizo zilizochunguzwa walitumwa katika inchi za kigeni, walio wengi Marekani. Baada ya sheria kutolewa, kazi hiyo iliongezeka sana ndani ya inchi. Mwaka 1967 hesabu ya watoto waliotwaliwa ilikaribia kuwa sawa na hesabu ya watoto wote waliozaliwa inje ya ndoa: 97 kwa 100.

Huyu ni mmoja kati yao, na habari yake inajulikana na wengi. Philomena Lee alikuwa na umri wa miaka 18 alipoingia katika nyumba ya Sean Ross, mjini Roscrea. Mwaka 1952 alizaa mtoto wa kiume, Anthony. Akamlea humo kwa miaka mitatu na zaidi, akamjua na kumpenda. Walimpa karatasi ya kutia sahihi, yenye maneno ya kwamba hatamtafuta mtoto wake milele. Mwisho wa mwaka 1955 mtoto alipelekwa Marekani, akapewa jina jingine.

Kwa karibu miaka 50 mama huyo hakumwambia mtu, akiamini kwamba hata kusema ni dhambi. Lakini alirudi Roscrea kuuliza habari za mwanawe. Naye mwana, aliyekuwa sasa mtu mkubwa na mwanasheria wa cheo, alisafiri toka Marekani zaidi ya mara moja mpaka nyumba ileile, akiuliza habari za mama yake. Wote wawili walipiga mlango mmoja, na hakuna aliyewaambia kwamba wanatafutana. Mwana alikufa mwaka 1995. Aliomba azikwe Roscrea, kusudi mama yake, kama akija siku moja, amkute. Mama alikuja, akakuta kaburi.

Papa Fransisko alimpokea mama huyo Roma mwaka 2014. Naye alipotembelea Irlandi mwezi wa Agosti 2018, katika Misa ya mjini Dublin, aliomba msamaha kwa ajili ya watoto walioondolewa kwa mama zao. Akataja wamama walioambiwa kwamba kumtafuta mtoto ni dhambi ya mauti, na watoto walioambiwa vilevile. Akasema wazi: hiyo si dhambi ya mauti, hiyo ni amri ya nne ya Mungu. Sisi tunaofundisha amri kumi kila mwaka kwa watoto wa komunyo ya kwanza, tulishike neno hilo. Mtoto anayetafuta mama yake anatii amri ya nne. Anayemfungia mlango ndiye anayeivunja.

IV. Save na Katende

Mtu asiseme: hayo ni mambo ya Wazungu wa mbali. Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, hapa Kongo na katika Rwanda na Burundi, walizaliwa watoto wa baba Mzungu na mama Mwafrika. Leta ya kikoloni iliwaogopa, kwani walionyesha kwa macho kwamba ukuta kati ya Mweupe na Mweusi ni wa uongo. Ikaamuru waondolewe kwa mama zao, hata kwa nguvu, na kuwekwa katika misioni. Baba wengi hawakutaka kuwaandikisha. Majina ya watoto yaligeuzwa, na mara nyingine hata tarehe ya kuzaliwa.

Save, katika Rwanda, kulikuwa nyumba ya watoto hao chini ya masista. Ulipokaribia Uhuru, watoto karibu 300 wa nyumba hiyo walipelekwa Ubelgiji, wengine katika jamaa, wengine katika nyumba za watoto. Ndugu wa tumbo moja walitawanywa. Mama zao walibaki huku. Wengi hawakuwaona tena.

Katende, katika Kasai, kulikuwa misioni nyingine. Wasichana watano waliletwa pale wakiwa wadogo, hawajafikia miaka saba. Uhuru ulipofika na fujo kuanza, walio wakubwa wao waliondoka, na watoto waliachwa bila ulinzi, wakatendwa vibaya na watu wenye silaha. Wasichana hao, wakiwa sasa wanyanya, waliishitaki Leta ya Ubelgiji. Mwaka 2021 walishindwa. Hawakukata tamaa. Tarehe 2 Desemba 2024 tribinali ya rufani ya Bruxelles ilikata neno: kuwaondoa watoto kwa mama zao, kwa sababu ya asili yao, ni kosa juu ya utu wa binadamu wote. Leta iliamriwa kumlipa kila mmoja euro 50,000.

Kabla ya hapo, mwaka 2017, maaskofu wa Ubelgiji waliomba msamaha kwa ajili ya sehemu ya Kanisa katika mambo hayo; na tarehe 4 Aprili 2019 Waziri Mkuu Charles Michel aliomba msamaha bungeni kwa jina la inchi yake. Vilevile katika Irlandi: mwezi wa Januari 2021 Waziri Mkuu, Askofu Mkuu wa Armagh, na masista waliokuwa wakiongoza nyumba ya Tuam, wote waliomba msamaha. Nayo sheria ya mwaka 2022 ilifungua vitabu, na mtu aliyetwaliwa anaweza sasa kupewa cheti chake cha kuzaliwa.

Wazee walisema: mwacha asili ni mtumwa. Lakini watoto hao hawakuiacha asili yao. Walikatwa nayo. Ndiyo maana sasa, wakiwa na mvi, wanatafuta ukurasa mmoja wa kitabu, wenye jina moja lililoandikwa: jina la mama.

V. Wajibu wetu

Wapendwa, twajifunza nini kwa ajili ya parokia hii? Tuseme mambo manne.

Kwanza, binti asifukuzwe. Nyumba za Irlandi hazikujazwa na masista. Zilijazwa na wazazi walioogopa majirani. Na tuangalie ginsi zilivyopungukiwa na watu. Mwaka 1973 Leta ya Irlandi ilianza kumpa mama asiye na ndoa msaada mdogo wa feza kila juma. Toka hapo wamama wengi zaidi walibaki na watoto wao. Kumbe wengi hawakukosa upendo. Walikosa chakula na pahali pa kulala. Hapa kwetu kuna mabinti waliodanganywa, na kuna mabinti walioshikwa kwa nguvu na watu wa vita. Mtoto aliye tumboni mwao hana kosa. Jumuiya zetu hai ziulize: binti huyu anahitaji nini kusudi abaki na mtoto wake? Kilo ya unga, kipande cha sabuni, mama mmoja wa kumfariji: hivi ndivyo vinavyomwokoa mtoto.

Pili, baba atafutwe. Katika historia hizo zote mbili, mama alibeba aibu na baba alikwenda zake. Sheria ya jamaa ya inchi yetu, iliyotolewa tarehe 1 Agosti 1987, inasema kwamba kila mtoto wa inchi hii sherti awe na baba, na ya kuwa hakuna mwenye ruhusa ya kumkana mtoto wake, awe wa ndani ya ndoa au wa inje. Wababa na vijana wanaume, tusikie vizuri. Anayeimba katika kwaya siku ya Mungu, na mtoto wake hana jina lake mtaani, sauti yake haifiki juu.

Tatu, kumtwaa mtoto kufuate sheria na kweli. Sheria yetu hiyo inamhesabu mtoto aliyetwaliwa kuwa mtoto wa nyumba, lakini inasema pia kwamba vifungo vyake na jamaa iliyomzaa havikatwi. Mkiangalia vizuri, ni desturi ya wazee wetu iliyowekwa katika maandiko. Kwa hiyo akija mtu, hata awe na gari nzuri na maneno matamu, akisema atawapeleka watoto masomoni mbali, mwulizeni: tribinali ipi imekubali? Mama amesema mwenyewe, kwa hiari, bila kutishwa na bila kununuliwa? Mwezi wa Septemba 2013 Leta yetu ilisimamisha ruhusa za kutoka inchini kwa watoto waliotwaliwa na wageni, ikihangaikia maisha yao huko walikopelekwa. Umaskini wa mama si ruhusa ya kumnyang'anya mtoto.

Nne, tuandike. Sheria ya mwaka 2016 inatupa siku 90 za kuandikisha mtoto kwa Leta, tusizipitishe. Na katika kitabu cha Ubatizo, kanuni 877 ya sheria za Kanisa za mwaka 1983 inaeleza ginsi ya kuandika. Mtoto wa mama asiye na ndoa, jina la mama liandikwe ikiwa umama wake unajulikana wazi, au mwenyewe akiomba kwa hiari yake. Mtoto aliyetwaliwa, waandikwe waliomtwaa; na ikiwa kitabu cha Leta kimewataja waliomzaa, nao waandikwe, kufuatana na maagizo ya maaskofu. Sisi makatekista ndio tunaoleta majina kwa Padri. Tusiyaharakishe. Tusiandike nyanya pahali pa mama kwa kuficha haya ya jamaa. Jina likikosewa leo, mtu atalia kwa ajili yake baada ya miaka 60.

Nao wanaolea watoto wasiowazaa, na ni wengi, na Mungu awabariki, tunawaomba jambo hili: mwambieni mtoto kweli, pole pole, kwa kadiri ya umri wake. Msiogope kwamba atawaacha. Musa hakumchukia binti ya Farao kwa kumjua mama yake. Mtoto mwenye mama wawili wanaomjua ni tajiri. Mtoto mwenye mmoja aliyefichwa hubaki na njaa isiyo na jina.

Wapenzi wakristu, katika sanduku la parokia vitabu vya Ubatizo vimekaa miaka hii yote, vingine vimeliwa na mchwa kwenye pembe. Ndani yake kuna wazee walio hai na wafu waliotutangulia. Yubile yetu iwe ya kurudisha watu. Kama kuna kati yenu, au kati ya wanawe waliotoka mbali, mtu anayetafuta jina la mama yake, aje. Padri yuko, nasi tuko. Tutafungua kitabu pamoja naye, ukurasa kwa ukurasa, bila kumwuliza kwa nini anatafuta.

Mungu Baba, anayejua kila mtoto kwa jina lake, atusaidie. Bikira Maria, aliyemtafuta Mwanawe siku tatu katika Yeruzalemu, awaombee wamama wote ambao bado wanatafuta.